Lugalo, Kalenga na Mlambalasi: ulale mjini Iringa, shambani au njia ya Ruaha?

Kila ikikaribia Sabasaba simu huanza. Ndugu wa Dar, wa Dodoma, hata wa Mbeya, wanataka kuja kuona mambo ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na swali la kwanza baada ya salamu ni lile lile: tulale wapi? Mimi ni mzaliwa wa Kihesa, hapa hapa Iringa, na nimewazungusha wageni wangu kwa miaka mingi. Jibu ninalo, ila huwa naanza kwa kuuliza mambo mawili. Una usafiri wako au unategemea basi? Na Mlambalasi, alikofia Mkwawa, umeipangia siku yake, au umeiweka kwenye "tukipata muda"? Aliyeiweka kwenye "tukipata muda" hafiki.

Kule Afrika Kusini, mgeni anayekwenda Isandlwana, mahali Wazulu walipowashinda Waingereza tarehe 22 Januari 1879, anaweza kulala kwenye loji na akifungua pazia asubuhi anauona mlima wa vita mbele yake. Watu wengi wanaokuja kwetu wanatafuta kitu kama hicho: loji ya shambani, utulivu, uwanja wa vita dirishani. Kwetu haiwezekani hivyo, kwa sababu vita vya Wahehe na Wajerumani vilihama. Vilianzia Lugalo mwaka 1891, vikaja Kalenga 1894, vikaishia Mlambalasi 1898. Lugalo iko barabara ya Dar, kilomita kama 25 kabla hujafika Iringa. Kalenga iko upande mwingine wa mji, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, kilomita kama 15. Mlambalasi iko njia hiyo hiyo ya Ruaha, ila mbele zaidi, kilomita kama 50 kutoka mjini, na ni lazima uchepuke. Popote utakapolala utakuwa karibu na sehemu moja na mbali na nyingine, kwa hiyo chagua ukijua unachokiacha.

Kulala mjini

Nianze na mjini kwa sababu ndiko watu wa loji wanakokudharau. Wanasema wametoka mjini, hawataki mji mwingine. Nawaelewa. Lakini mji huu wenyewe ni sehemu ya habari waliyoifuata. Wajerumani waliuanzisha mwaka 1896, baada ya kuivunja ngome ya Kalenga, na wakauweka huku juu kilimani ambako wangeweza kuona kila upande. Hata jina Iringa limetokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Boma la Wajerumani lililojengwa kama hospitali mwaka 1914 ni makumbusho tangu 2016, na ndipo ninapowapeleka wageni kwanza, kabla ya uwanja wowote wa vita, ili wapate mpangilio wa mambo kichwani. Makaburi ya vita nayo yapo hapa hapa mjini. Na jioni kuna jiwe la Gangilonga, ambalo kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Ukikaa pale juu jua linapozama, unaona bonde lote na mabati ya Iringa yakimetameta, na watoto wanaokimbizana juu ya jiwe wananyamaza wenyewe kwa muda.

Faida kubwa ya mjini ni hesabu ya barabara. Lugalo kwenda na kurudi ni kilomita 50. Mlambalasi kwenda na kurudi, ukiipitia Kalenga, ni kilomita 100. Jumla 150, na jioni zote mbili uko kitandani mapema. Asiye na gari pia anaweza: Kalenga unafika kwa daladala au bodaboda, Lugalo unapanda gari za Ilula na kumwambia konda akushushe. Mlambalasi tu ndiyo inayohitaji kukodi taksi ya siku nzima, na mkiwa wanne mkichangiana haiumizi.

Chakula si tatizo, na kuna sehemu nzuri za kukaa. Mimi hupenda kuwapeleka wageni Neema Crafts, mradi wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ulioanza mwaka 2003, ambako mafundi ni watu wenye ulemavu. Mkahawani wahudumu ni viziwi na unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Watoto hujifunza "asante" ya mikono siku ya kwanza na huondoka nayo. Sokoni nako kuna vikapu vya milulu, vile vya Kihehe vilivyosukwa kwa kubana kabisa. Kishike, kikunje kidogo, halafu usikie kinavyorudi chenyewe.

Ubaya wa mjini ni kelele, na hapa sina utetezi. Niliwahi kumweka baba mdogo katika nyumba moja ya wageni iliyoonekana nzuri mchana, sakafu inang'aa na maji ya moto yapo. Usiku baa ya jirani ilipiga muziki mpaka saa tisa. Mzee wa miaka sabini aliamka macho mekundu, na tulipofika Kalenga alikaa kwenye gari akasinzia wakati sisi tuko ndani. Tangu hapo nikienda kuangalia chumba naenda saa mbili usiku, siendi saa nne asubuhi, na nasimama dirishani dakika kadhaa kabla sijatoa hela.

Kulala shambani, njia ya Mbeya

Hii ndiyo loji ambayo watu wanaiwaza. Ukitoka Iringa kuelekea Mafinga unaingia kwenye nchi ya mashamba, hewa kavu, miti mirefu. Kisolanza, kilomita kama 50 kutoka mjini, ndiyo inayojulikana zaidi: shamba kongwe lenye nyumba za wageni, uwanja wa mahema na duka la mazao ya shambani. Wasafiri wanaovuka Afrika kwa magari yao wamekuwa wakilala pale miaka na miaka.

Sitaki kupunguza uzuri wa kulala huku. Mwezi wa saba baridi ya nyanda za juu ni ya kweli. Saa kumi na mbili jioni unaanza kutafuta sweta, na saa mbili unasogea kwenye moto. Kuni za mkaratusi zina harufu ambayo mtu wa Dar haijui, na ukilala chini ya mablanketi mawili mazito husikii chochote ila upepo na, mbali sana, lori linalopandisha. Asubuhi mayai na maziwa ni ya pale pale. Kwa mtu aliyechoka hakuna dawa kama hiyo. Mama yangu mkubwa, ambaye hana habari kabisa na mambo ya vita, alikaa siku mbili huko na mpaka leo anauliza lini tunarudi.

Na njiani kuna Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa: korongo lenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji na zana za mawe za binadamu wa kale, zilizotambuliwa mwaka 1951. Ukilala shambani, Isimila ni yako bila kuhangaika.

Sasa hesabu. Kutoka shambani hadi Lugalo na kurudi ni kilomita 150. Hadi Mlambalasi na kurudi ni 200. Jumla 350, dhidi ya zile 150 za mjini. Na hizo kilomita za ziada unazikimbia kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, yenye malori mfululizo, vijiji vya kupita kwa hamsini na tochi za trafiki. Mchana ni uchovu tu. Usiku ni hatari, na sishauri mtu yeyote aendeshe njia ile giza likishaingia ili awahi chakula cha loji. Maana yake ni kwamba saa tisa alasiri, wakati mwanga wa Kalenga ni mzuri na mzee wa makumbusho ndiyo kwanza amekolea kwenye simulizi, wewe unaangalia saa.

Kingine ni asubuhi. Shambani mtu haamki. Ndiyo raha yake, na ndicho kilichotuponza mwaka jana, nitakisema baadaye.

Ila kuna msafiri mmoja ambaye shamba linamfaa kuliko mji, naye ni anayetoka Mbeya. Ameshaendesha kilomita kama 280 akifika hapo, na kumwambia aongeze 50 aingie mjini jioni ni kumchosha bure. Alale shambani usiku wa kwanza, asubuhi apitie Isimila, kisha aje mjini kwa usiku unaobaki. Anayetoka Dar mambo yake ni kinyume: Lugalo ataikuta barabarani kabla ya kufika Iringa, baada ya kupanda Kitonga na kuipita Ilula. Asiipite kwa kusema atarudi kesho. Asimame hapo hapo, hata kama watu wana njaa. Ilula atakuwa ameshawanunulia mahindi.

Lugalo inahitaji muda gani

Nusu saa ukiwa peke yako, saa moja na nusu ukiwa na mtu wa kukueleza. Kwa macho ni mnara wa ukumbusho kando ya barabara, vichaka na mteremko. Kama hujui kilichotokea utapiga picha moja na kuondoka, na utakuwa umepoteza.

Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilikuwa kinapita hapo chini ya Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Kilikuwa na askari zaidi ya 300, wengi wao Wasudani na Wazulu, pamoja na wapagazi. Nyundo hakutuma watu wa kutosha mbele kupeleleza. Mizinga ilikuwa imefungwa mgongoni mwa punda. Msafara ulikuwa mrefu, mmoja nyuma ya mwingine, na Wahehe walikuwa wamelala kwenye majani na mikuki yao pande za njia. Inasimuliwa kwamba Mjerumani mmoja alimpiga risasi ndege, na Wahehe wakauchukua mlio ule kuwa ndiyo ishara. Dakika chache zilitosha. Wazungu kumi waliuawa, Nyundo mwenyewe akiwemo, na askari zaidi ya 200.

Ninapokuwa na vijana huwa nawapanga kwenye mstari kandokando ya njia ya miguu, hatua mbili mbili, halafu namwambia wa mwisho aniite wa kwanza bila kupiga kelele. Hawezi. Hapo wanaelewa kwa nini bunduki hazikusaidia. Wakishaelewa nawasomea majina yaliyoandikwa kwenye mnara. Ulijengwa kwa ajili ya Wajerumani waliokufa, kwa hiyo Wahehe walioanguka siku hiyo hawamo, na watoto wenyewe ndio huuliza.

Fika asubuhi au alasiri. Saa sita jua ni kali na kelele za malori zinameza maneno ya mwelezaji.

Kulala njia ya Ruaha

Chaguo la tatu ni kupitiliza: unaiona Kalenga, unaiona Mlambalasi, halafu unaendelea mpaka upande wa Idodi na Tungamalenga, kilomita kama 100 kutoka Iringa, ambako kuna kambi na loji za watu wanaoingia hifadhini. Ukiwa na siku moja ya wanyama kwenye mpango wako, huu ndio mpangilio mzuri kuliko yote, kwa sababu Mlambalasi inakuwa njiani, haiwi safari ya pekee. Huhitaji kurudi, huhitaji kuharakisha.

Lakini ujue unashuka. Joto linapanda, miti inakuwa ya nyika, na sweta lako linabaki begini. Chandarua ni lazima. Barabara yenyewe uliza hali yake kabla ya kutoka, hasa masika. Na Lugalo unaisahau kabisa, maana kutoka Tungamalenga ni mwendo wa kilomita 125 upande mmoja, mji mzima katikati. Kwa hiyo huyu awe ameshaiona Lugalo siku ya kuja.

Kuhusu kambi zenyewe sina mengi. Zinafanana: nyumba za nyasi au mahema, chakula cha pamoja, usiku wenye sauti za porini. Ukiwa na watoto wadogo uliza kama kuna uzio.

Kalenga kwa kirefu, kwa sababu ndiyo moyo wa safari

Kalenga iko karibu na Mto Ruaha Mdogo. Ilikuwa makao makuu ya Mkwawa, na baada ya Lugalo aliiimarisha kwa ukuta akijua Wajerumani watarudi. Walirudi. Mwishoni mwa Oktoba 1894 waliipiga kwa mizinga, na tarehe 30 wakaingia. Ng'ambo kuna kilima cha Tosamaganga, ambako leo kuna misheni kongwe ya Kikatoliki na hospitali. Maana ya jina ni kutupa mawe, na wenyeji watakuambia kwamba mawe yenyewe yalikuwa makombora yaliyorushwa kutoka kule. Simama kwenye makumbusho uangalie Tosamaganga, kisha uende Tosamaganga uiangalie Kalenga. Ni mwendo mfupi kwa gari, na wageni wengi hawaufanyi. Mimi naona bila kufanya hivyo hujaiona Kalenga.

Makumbusho ni chumba kidogo. Ndani, kwenye sanduku la kioo, kuna fuvu la Mtwa (yaani chifu) Mkwawa. Lilichukuliwa na Wajerumani baada ya kifo chake, likatajwa kwa jina katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba lirudishwe ndani ya miezi sita. Halikurudi. Miaka 35 ilipita mpaka gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolitoa Bremen na kulikabidhi hapa Kalenga mwaka 1954. Aliyelipokea ni mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Salimia "kamwene" unapoingia. Uliza kabla ya kupiga picha. Na usiwaharakishe watoto mbele ya kile kioo.

Mwaka jana tulikwenda na binamu yangu wa Dar na wanawe watatu. Tulilala shambani, wao ndio walitaka, na mimi nilikubali kwa sababu ya baridi nzuri na moto. Tuliamka saa mbili, tukanywa chai taratibu, tukafika Kalenga saa saba mchana. Yule mdogo, wa darasa la tatu, alisimama mbele ya fuvu muda mrefu akiwa ameshika mkono wa mama yake. Kisha akamuuliza mzee wa makumbusho: "Babu, na mwili wake uko wapi?"

Mzee alimjibu kwa upole kwamba uko Mlambalasi, mbele kidogo kwa njia hii hii. Kwamba Mkwawa alipigana miaka minne porini baada ya Kalenga kuanguka, akawekewa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta, na tarehe 19 Julai 1898, alipozungukwa, alijipiga risasi mwenyewe asishikwe. Kwamba kaburi lake lipo pale chini ya mwamba, na aliyezikwa pale alizikwa bila kichwa. Mtoto akasema, "Twende." Nikaangalia saa. Ilikuwa saa tisa kasoro, mbele yetu njia ya kwenda na kurudi, na baada ya hapo kilomita 50 za malori hadi shambani. Ikabidi nimwambie haiwezekani leo. Alinyamaza mpaka Ipogolo.

Ninavyowagawa wageni sasa

Mwenye watoto, wazee au anayekuja kwa basi: mjini, usiku wote, mbali na baa. Mwenye gari na usiku tatu: mbili mjini, moja ya mwisho shambani ili apumzike akishamaliza, asiwe na mahali pa kuwahi. Anayetoka Mbeya ageuze, shamba litangulie. Anayetaka na tembo: Lugalo siku ya kufika, usiku mmoja mjini, kisha Kalenga, Mlambalasi na Tungamalenga kwa mfululizo. Wawili wanaotaka tu kutulia na kusoma kitabu waende shambani moja kwa moja, waione Isimila, na vita waviache kwa safari nyingine.

Mlambalasi yenyewe ibebee maji na viatu vya kufunga. Kaburi liko chini, ila ukitaka kuuona mwamba wenye pango la watu wa kale unapanda kidogo, na mwenye magoti mabovu atakusubiri kivulini. Hakuna duka la kutegemea, kwa hiyo chakula funga mjini. Nenda asubuhi ukiwa na mtu wa eneo hilo, na mpe muda wa kuongea.

Binamu yangu amepiga simu juzi. Wanakuja tena tarehe 17 mwezi huu wa saba, wote watano. Aliuliza kuhusu shamba, nikamwambia Jumapili tutakwenda kulala huko, lakini Ijumaa na Jumamosi ni mjini, chumba nimeshakiangalia usiku na kimya kipo. Jumamosi tunatoka saa kumi na mbili asubuhi. Yule wa darasa la tatu sasa yuko la nne, na alinyang'anya simu ili kuniuliza kama tutaanzia Kalenga au Mlambalasi. Nimemwambia tunapita Kalenga bila kusimama, tunakwenda kwanza kaburini.